Majaruba ya Bali: pale hekalu linapopanga zamu ya maji

Bwana Mifereji (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Picha za majaruba ya Bali, yale mashamba ya mpunga yaliyozungushiwa kingo za udongo, kila mtu ameziona. Ngazi za kijani zikishuka mlimani, minazi pembeni, ukungu wa asubuhi. Uzi huu nauanzisha kwa sababu kitu kikubwa kuliko vyote kwenye yale majaruba hakionekani pichani. Ni utaratibu wa maelfu ya wakulima, wengi wao hawajawahi hata kuonana, kukubaliana nani afungue maji lini na nani akaushe shamba lini. Na utaratibu huo unapita kwenye mahekalu. Kazi yangu ni skimu za mpunga. Nimeshuhudia watu wakitoleana mapanga usiku kwa ajili ya zamu ya maji, kwa hiyo haya ninayoandika nayasema kwa moyo wote: Wabali wamefika mbali, na dunia karibu iwaharibie.

Tuanze na ardhi yenyewe. Bali ni kisiwa cha volkano kilichoko Indonesia, mashariki ya Java. Mito yake imechimba mabonde membamba yenye kina kirefu. Mkulima aliye ukingoni anausikia mto chini yake na hana namna ya kuyapandisha maji hadi shambani. Akitaka maji, inabidi apande juu kilomita kadhaa, ajenge banio, yaani kizuizi cha kuchepusha maji, pale mto unapolingana na shamba lake, kisha ayashushe kwa mfereji. Mfereji ukikutana na mlima, wanatoboa handaki. Mwamba wa kule ni majivu ya volkano yaliyoshikana, unachimbika kwa zana za mkono, lakini bado ni kazi ya miaka. Maandishi ya kifalme ya mwaka 896 yanawataja mafundi wa kuchimba mahandaki kama watu wenye fani yao. Hebu fikirieni, karne ya 9 tayari ni fani inayojitegemea!

Kazi ya namna hiyo haiwezi kufanywa na mtu mmoja wala ukoo mmoja. Ndipo ikazaliwa subak, yaani chama cha wote wanaokunywesha mashamba yao kwa maji ya chanzo kimoja. Kufikia karne ya 11 maandishi yanaitaja kwa jina. Leo zipo takriban 1,200, na kila moja ina wanachama kati ya 50 na 400.

Angalieni jambo hili, ni zuri sana: subak haifuati mipaka ya kijiji. Kijiji ni pale unapolala, subak ni pale maji yako yanapotoka. Ukiwa na mashamba kwenye mifereji miwili, wewe ni mwanachama wa subak mbili. Unachangia kote kuwili na kuhudhuria vikao vyote. Kiongozi anaitwa pekaseh, anachaguliwa na wanachama. Sheria zao zinaitwa awig-awig, zamani zikiandikwa kwenye majani ya mlontari. Humo kuna faini ya kuiba maji, faini ya kukosa kazi ya kusafisha mfereji, na utaratibu wa mtu asiyeweza kufika kulipa badala ya kufanya kazi.

Kugawa maji wanatumia kigogo kilichochongwa mapengo, kinalazwa mfereji unapogawanyika. Upana wa pengo ndio fungu lako. Mwenye haki ya mafungu mawili pengo lake ni pana mara mbili. Maji yakipungua mtoni, yanapungua kwa wote kwa uwiano uleule, na mtu yeyote anayepita anaona kwa macho kama kuna aliyechezea. Hakuna mita wala bwana maji wa kuhongwa.

Na kikaoni tabaka linawekwa kando. Jamii ya Bali ina matabaka na lugha ya heshima yenye ngazi zake, lakini wakikaa kama subak kila mtu anamsemesha mwenzake kwa lugha ya unyenyekevu, hata kama mmoja ni wa ukoo wa kifalme na mwingine hana cheo chochote.

Nitaendelea na habari ya mahekalu.

Mama Kitalu

Nimeweka kambi hapa. Mkuu endelea, usituache njiani.

Nyota ya Ziwa

Mimi nasubiri hiyo ya mahekalu. Nilidhani ni mapambo ya watalii.

Bwana Mifereji (mleta uzi)

Nyota, hapo ndipo penye kiini cha uzi huu.

Kila jaruba lina pembe moja ambako maji yanaingia. Pembe hiyo ndiyo ya heshima kuliko zote. Mkulima anasimamisha kimadhabahu kidogo hapo, cha mianzi au mawe, na sadaka zake binafsi anaziweka hapo. Ukipanda kidogo, penye banio au pale mfereji unapoanza kugawanyika, unakuta hekalu la subak nzima. Panda zaidi, unakuta hekalu linalounganisha subak kadhaa zinazotegemea mto uleule. Mahekalu haya makubwa ya kanda wanayaita Masceti. Liko moja Sukawati, karibu na pwani ya kusini, linaitwa Er Jeruk, linaunganisha subak 14. Wawakilishi wa subak hukutana kwenye mahekalu ya namna hiyo kupanga msimu: kundi hili litaanza kuloweka mashamba tarehe fulani, kundi lile baadaye.

Juu kabisa, kwenye ukingo wa shimo kuu la volkano, lipo Pura Ulun Danu Batur. Chini yake ni ziwa Batur. Waumini wanaamini ziwa hilo ni makao ya Dewi Danu, mungu wa kike wa maji, na kwamba chemchemi na mito ya eneo kubwa la kisiwa asili yake ni humo. Kiongozi wa makuhani wa hapo anaitwa Jero Gde. Huvaa nguo nyeupe, hanyoi nywele, na huteuliwa angali mtoto: Jero Gde akifariki, mwanamke wa hekaluni hupandwa na roho na kumtaja mvulana atakayemrithi. Anahesabiwa kuwa mwakilishi wa mungu huyo hapa duniani. Subak inayotaka kufungua chemchemi mpya au kujenga mfereji mpya hupeleka shauri kwake. Subak mbili zikigombana kuhusu maji na kushindwa kuelewana, shauri linaishia kwake.

Askari hana, wala hana fungu la serikali la kuwalazimisha watu. Lakini kila mwaka, kwenye sikukuu ya mwezi mpevu wa mwezi wa kumi wa kalenda yao, zaidi ya subak 200 hupanda mlima kupeleka sadaka: mchele, nazi, mifugo. Wanarudi na maji matakatifu. Kwa waumini ile sadaka ni haki ya mwenye maji. Asiyepeleka hana uso wa kudai maji hayo.

Mwaka 1917 volkano ililipuka, lava ikafunika sehemu ya kijiji cha Batur na kusimama langoni mwa hekalu. Watu wakaona ni ishara, wakajenga tena palepale. Mwaka 1926 ikalipuka tena, safari hii ikafunika kijiji na hekalu. Wakabeba walichoweza kuokoa, wakahamia juu ukingoni. Hekalu la sasa liko huko, na madhabahu ya Dewi Danu yana mapaa 11 yaliyopangana.

Ustadh wa Ng'ambo

Assalaam aleykum. Ndugu mleta uzi, umeeleza vizuri, ila naomba kuuliza kwa heshima. Hii si ni ibada ya masanamu tu? Kwa nini tuitukuze? Mfumo wa maji unaweza kuwepo bila ya kumpelekea mungu wa ziwa mbuzi na nazi.

Bwana Mifereji (mleta uzi)

Wa aleykum salaam, Ustadh. Swali ni la haki na nitalijibu kama nilivyoelewa.

Indonesia ndiyo nchi yenye Waislamu wengi kuliko zote duniani. Bali ni kisiwa cha Wahindu ndani ya nchi hiyo, zaidi ya asilimia 80 ya wakazi wake. Wenyewe wanasema wanamwabudu Mungu mmoja, Sang Hyang Widhi Wasa, na kwamba Dewi Danu, Dewi Sri wa mpunga na wengine ni njia anazojidhihirishia. Imani yao wameizoea pia kuiita Agama Tirtha, dini ya maji matakatifu, kwa sababu hakuna ibada yao inayokamilika bila maji hayo. Mimi sikuja kumwambia mtu aifuate. Ninachosema ni kwamba ukitaka kuelewa yale majaruba, huwezi kuivua dini ukabaki na mfereji. Kuna watu walijaribu kufanya hivyo hasa, tena wakiwa na nia njema, na nitawaeleza kilichotokea.

Na ujue, upande wa magharibi wa kisiwa, Jembrana, wapo wakulima Waislamu ndani ya subak. Wanafanya kazi za mfereji na kufuata ratiba pamoja na wenzao, na dua wanaomba kwa dini yao. Makubaliano ya maji yamewatosha wote.

Mama Kitalu

Mimi ni mkristo na niliolewa kwenye ukoo wa wakulima. Naomba nimwongezee Ustadh kidogo. Mkulima yeyote akiweka mbegu ardhini anaomba. Tofauti ni anamwomba nani na kwa namna gani. Hawa wamefanya ombi lao kuwa la pamoja, siku moja, shamba hadi shamba. Hilo mimi naliheshimu.

Ila mkuu, kuna kitu hakijaniingia. Aliye juu ana maji yote. Kwa nini akubali kumwachia wa chini? Kwetu wa juu akishiba ndipo wa chini anapata, na akikataa hakuna wa kumgusa. Uchaji peke yake unatosha kweli?

Bwana Mifereji (mleta uzi)

Mama Kitalu, ubarikiwe kwa swali hilo. Kwangu mimi hili ndilo lenye utamu kuliko yote, nivumilieni nikienda taratibu.

Jibu ni wadudu.

Mpunga una maadui wengi: panya, wadudu wanaofyonza utomvu, magonjwa ya virusi yanayosambazwa na wadudu haohao. Kila mmoja anahitaji mpunga mbichi ili aishi. Sasa chukua bonde zima. Kama kila mkulima anapanda siku anayotaka, daima kutakuwa na shamba fulani lenye mpunga mchanga. Wadudu wakimaliza kwako wanahamia kwa jirani, wanazaana mwaka mzima bila kulala njaa hata siku moja. Lakini kama mashamba yote ya eneo kubwa yanavunwa kwa wakati mmoja, kisha yote yanakaushwa, au yote yanafurikishwa maji bila mmea ndani yake, wadudu hawana pa kwenda. Wanakufa. Hakuna dawa iliyonunuliwa.

Shida ni kwamba kupumzisha eneo dogo hakusaidii, panya anavuka tu mfereji. Inabidi liwe eneo pana, subak nyingi kwa pamoja. Na mkulima wa juu hawezi kumlazimisha wa chini apande naye siku moja. Wa chini atakubali tu akihakikishiwa maji. Basi ndipo mkataba ulipo: wa juu anatoa maji, wa chini anatoa ushirikiano wa ratiba. Mmoja anaogopa ukame, mwingine anaogopa panya, kila mmoja ameshika dawa ya hofu ya mwenzake.

Haya si mawazo yangu. Mwanaanthropolojia wa Kimarekani, J. Stephen Lansing, alifanya utafiti kule kwa miaka mingi. Yeye na wenzake waliwauliza wakulima lipi baya zaidi, uhaba wa maji au wadudu. Wa chini walielekea kusema maji, wa juu wakaelekea kusema wadudu.

Ila wote wakipanda siku moja kutoka mlimani hadi baharini, maji hayatoshi, kwa sababu kuloweka na kuvuruga shamba ndiko kunakokula maji kuliko hatua nyingine yoyote. Kwa hiyo lazima upatikane ukubwa wa kati: kundi la subak zipande pamoja, kundi linalofuata lichelewe kidogo. Kundi likiwa dogo mno wadudu wanashinda, likiwa kubwa mno maji yanaisha. Lansing na mwanaikolojia James Kremer walitengeneza modeli ya kompyuta ya mito miwili, Oos na Petanu, yenye subak 172. Wakajaribu kila mtu apande kivyake, wakajaribu wote wapande pamoja, wakajaribu makundi ya ukubwa mbalimbali. Mavuno bora yalipatikana kwenye makundi yanayokaribiana sana na yale ambayo mahekalu ya maji yalikuwa yakiyaratibu tangu zamani.

Niliposoma hayo mara ya kwanza nilinyamaza kwa muda. Hakuna mfalme aliyekaa akachora mpango ule. Umejipanga kwa karne nyingi, jirani akimwangalia jirani, na hekalu likiwa mahali pa kukutana, pa kuapa na pa kuonea aibu.

Ustadh wa Ng'ambo

Hapo nimekuelewa. Endelea na hao walioivua dini wakabaki na mfereji.

Bwana Mifereji (mleta uzi)

Miaka ya 1970. Indonesia ilikuwa ikiagiza mchele mwingi kutoka nje na serikali ilitaka nchi ijilishe. Hilo ni lengo jema, hakuna wa kulilaumu. Zikaja mbegu za kisasa za mpunga mfupi kutoka taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga ya Ufilipino, zikaja na mikopo ya mbolea ya viwandani na viuatilifu. Mbegu za asili za Bali huchukua miezi sita au saba kukomaa, hizi mpya kama minne. Kwa hiyo agizo likawa: pandeni mara nyingi kadiri mnavyoweza, msisubiri mtu. Kufikia mwaka 1977 takriban asilimia 70 ya majaruba ya kusini mwa Bali yalikuwa na mbegu hizo.

Hakuna aliyeyafunga mahekalu. Sadaka ziliendelea, ngoma ziliendelea. Kilichoondolewa ni ratiba. Wataalamu waliona tambiko ni utamaduni na ratiba ni kilimo, wakachukua kimoja na kuacha kingine.

Misimu ya kwanza mavuno yalipanda. Kisha wakaja wadudu wa kahawia wafyonzao utomvu, wakaifyeka mbegu ya kwanza. Ikaletwa mbegu inayowahimili wadudu hao, ikaangushwa na ugonjwa wa tungro unaotokana na virusi. Dawa ikapigwa zaidi, na dawa ikaua buibui na wadudu marafiki waliokuwa wakiwala maadui. Samaki wadogo, mikunga na vyura wa majarubani, ambao watu walikuwa wanawala, wakapungua. Hali haikuwa ya Bali peke yake, ndiyo maana mwaka 1986 rais wa Indonesia alitoa agizo lililopiga marufuku aina 57 za viuatilifu kwenye mpunga.

Huku mradi mkubwa wa umwagiliaji, kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Asia, ulianza mwaka 1979 kujenga mabanio ya zege na milango ya chuma inayofungwa na kufunguliwa. Baadhi ya milango hiyo wakulima waliing'oa, kwa sababu iliua ule mgawanyo wa uwiano ambao kila mtu aliuona kwa macho. Wakulima wenyewe walianza kudai kurudi kwenye ratiba za mahekalu. Mwaka 1988 tathmini ya benki yenyewe ilikubali kwamba gharama ya kutotambua thamani ya mfumo wa jadi ilikuwa kubwa.

Na mbolea nayo. Mvua ya kule inapopita kwenye miamba ya volkano inabeba fosfati na madini mengine, mto unayaleta, mfereji unayaingiza shambani. Kila jaruba lilikuwa linalishwa bure. Mbolea ya viwandani iliyoongezwa juu ya hapo sehemu kubwa ilisombwa na mifereji hadi mtoni na baharini, na huko watafiti walikuta matumbawe yameathirika.

Ninapoandika haya naumia, kwa sababu walioleta madhara hawakuwa watu wabaya. Walikuwa watu kama mimi, wenye vyeti, walioingia shambani wakaona sadaka ya maua kwenye mlango wa maji na hawakuuliza ni ya nini.

Nyota ya Ziwa

Mkuu, tuchoree msimu mmoja. Tambiko gani linakuja wakati gani? Nataka kuona jinsi linavyogusana na kazi.

Bwana Mifereji (mleta uzi)

Nyota, kwa furaha. Desturi zinatofautiana bonde na bonde, nitakupa zile za kawaida.

Msimu unafunguliwa na magpag toya, kuyalaki maji. Wanachama wanakwenda kwa maandamano hadi kwenye banio au hekalu la maji, wanatoa sadaka, wanachukua maji matakatifu, kila mmoja anayanyunyiza kwenye ile pembe ya juu ya shamba lake. Ukilitazama kwa jicho la mtu wa skimu, ndiyo siku mfereji unapofunguliwa rasmi, na ndiyo siku ambayo kila mtu amefika banioni na kuona kwa macho hali yake. Hakuna wa kusema hakupata taarifa.

Siku za kusia na kupandikiza zinatafutwa kwenye kalenda yao ya siku 210, yenye juma 30 za siku saba saba, na humo kuna majuma ya siku tatu, tano na kadhalika yanayokwenda sambamba. Kalenda hiyo ilichongwa kwenye mbao au kuchorwa kwenye kitambaa, wanaiita tika. Muda huo wa siku 210 unakaribiana na umri wa mpunga wao wa asili. Miche ya kwanza inapandwa pale pembeni maji yanapoingia, kwa dua, ndipo wengine wanaingia shambani.

Mpunga ukishika mimba, na wao wanasema hivyohivyo kama wakulima wetu, wanafanya biukukung. Dewi Sri sasa ni mjamzito, analetewa sadaka kama mama mjamzito, na shamba linatunzwa kwa upole. Huo pia ndio wakati ambao mpunga ukikosa maji umekwisha. Katikati ya majaruba utaona vinu vidogo vya upepo vya mianzi, vinapiga kelele na kutishia ndege.

Wakati wa kuvuna mpunga wa asili wanawake hutumia kikisu kidogo kinachofichwa kiganjani, wakikata shuke baada ya shuke, ili Dewi Sri asishtuke. Masuke ya kwanza yanafungwa kuwa sanamu ya mama mpunga, anapelekwa ghalani na kuwekwa juu ya mavuno. Mbegu fupi za kisasa zinavunwa kwa mundu na kupurwa hapohapo shambani, kwa hiyo sehemu hii ya mila imepungua sana nje ya maeneo kama Jatiluwih, ambako bado wanalima mpunga mwekundu wa asili.

Baada ya hapo wanaingia bata. Mchungaji anachomeka fimbo yenye kitambaa, bata wanazunguka hapo kutwa, wanaokota punje, konokono na wadudu, na wanaacha samadi. Kisha shamba linapumzika pamoja na majirani zake wote.

Mpenda Safari

Shukrani kwa darasa. Niliwahi kufika Tegallalang karibu na Ubud. Nilikuta bembea za kupigia picha, mikahawa imejipanga ukingoni, na watoto wanaomba pesa kwenye kingo za majaruba. UNESCO si walishapatambua? Mbona pako vile?

Bwana Mifereji (mleta uzi)

Mpenda Safari, UNESCO waliingiza mfumo wa subak kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2012, ila si kisiwa chote, na Tegallalang uliyoiona haimo. Yamo maeneo matano yenye jumla ya hekta kama 19,500: hekalu la Batur, ziwa Batur, bonde la mto Pakerisan, majaruba ya Catur Angga Batukaru chini ya mlima Batukaru ambako ndiko Jatiluwih iliko, na hekalu la kifalme la maji Taman Ayun huko Mengwi. Pakerisan ndiko kuna Tirta Empul, chemchemi takatifu yenye hekalu la mwaka 962, na maji yake bado yananywesha mashamba. Kilichotambuliwa kinatajwa pamoja na falsafa yao ya Tri Hita Karana, uhusiano mwema wa aina tatu: mtu na Mungu, mtu na mwenzake, mtu na mazingira.

Kuhusu hali uliyoikuta, nitasema ninavyoamini. Mandhari inauzwa na watu ambao hawailimi. Mtalii analipia kiingilio au kahawa, na anachokitazama ni kazi ya mkulima aliyeko chini mwenye matope hadi magotini. Jatiluwih kuna kiingilio na sehemu yake inarudi kwa jamii, lakini mvutano wa nani apate kiasi gani, na nani aruhusiwe kujenga ndani ya majaruba, haujaisha. Kodi ya ardhi inapanda kufuata bei ya viwanja, siyo bei ya mpunga. Jirani akiuza kwa nyumba ya wageni, mfereji unakatwa, na aliye chini yake anakosa maji hata kama hakuuza. Maji ya chini yanavutwa na mahoteli. Vijana wanaenda kuendesha magari ya watalii na kupika hotelini, nami siwalaumu, kilimo cha jaruba kinavunja mgongo.

Subak haiwezi kubaki kwa kulindwa sura yake tu. Ukiacha ngazi zote zilivyo na kuondoa vikao, zamu na ile safari ya kupeleka sadaka Batur, ndani ya misimu michache wadudu watakuwa wamesharudi. Ningependa fedha za utalii zilipe kodi ya ardhi ya mkulima kwanza, na ruhusa ya ujenzi ipite kwenye kikao cha subak kabla ya kufika ofisi yoyote.

Mpenda Safari

Nina mpango wa kurudi na familia. Niende wapi, na nifanyeje nisiwe sehemu ya tatizo?

Bwana Mifereji (mleta uzi)

Nenda Jatiluwih asubuhi mapema, utembee kwa miguu na mwongozaji wa palepale. Pita kwenye njia zilizowekwa. Kingo za majaruba ni udongo, zikibomoka maji ya mtu yanamwagika. Mchele mwekundu nunua kwa mkulima mwenyewe. Ukiingia Batur, Tirta Empul au Taman Ayun, vaa kitambaa cha kiunoni na mshipi, unaweza kuazima mlangoni, na usipande penye madhabahu kutafuta picha. Mwanamke aliye hedhini haingii hekaluni, huo ndio utaratibu wao. Ukikuta maandamano ya sadaka barabarani, zima injini usubiri yapite. Na ukiwa na nafasi, omba kuonana na pekaseh. Muulize mwaka huu wameanza kuloweka lini, na kwa nini tarehe hiyo.

Mama Kitalu

Nauhifadhi uzi huu. Kikao chetu cha skimu kiko karibu, kile kipande cha wa juu na wa chini nitakisoma mbele ya wote.